Watu Waongezeka, Shamba ni Lile Lile

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwetu mzee mmoja wa skimu, ameshika ramani ya shamba lake iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Shamba ni ekari 20, nalo alipewa mwaka wa 1964 akiwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Sasa miaka yake imepita themanini, naye ataka kuwagawia watoto wake kabla hajafa, wasije wakagombana nyuma yake. "Nihesabie, karani," akasema. "Wewe ulisomea ualimu, hesabu si kazi kwako."

Tukahesabu. Watoto walio hai ni 8, wana kwa mabinti. Ekari 20 ukizigawanya kwa watu 8, kila mmoja apata ekari 2 na nusu, na hapo hatujatoa njia ya kupita wala mahali pa makaburi. Akaniambia niendelee mpaka kwa wajukuu, nao ni 31. Kila mjukuu akapata pungufu ya robo tatu ya ekari. Mzee aliitazama karatasi kwa kitambo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Je, nilikosea kuzaa watoto wengi hivyo?"

Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi, maana watu wengine walikuwa wakingoja mlangoni. Jibu refu nimeliandika hapa, kwa kuwa najua si yeye peke yake aliye na ramani ya namna hiyo ndani ya sanduku.

MILANGO MITATU

Kwanza yafaa tufahamu kwamba watu wa mahali popote huongezeka au hupungua kwa njia tatu tu, kama mifugo ya bomani. Kuna wanaozaliwa, kuna wanaokufa, na kuna wanaoingia au kutoka langoni. Njia ya nne hakuna.

Mtu akikwambia Nakuru imejaa kwa sababu watu wanazaa kupita kiasi, mwulize kama amelihesabu na lango. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2009 Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu 1,603,325. Katika ile ya 2019 walikuwa 2,162,202. Hilo ni ongezeko la watu 35 kwa kila 100 katika miaka 10, hali Kenya nzima iliongezeka kwa watu 23 kwa kila 100. Akina mama wa Nakuru hawawezi kuwashinda wenzao kwa kuzaa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni wageni: waliokuja kuchuma maua Naivasha, waliofuata kazi ya mvuke wa Olkaria, waliokuja kufungua duka mjini. Mji wa Nakuru wenyewe ulikuwa na watu kama 47,000 mwaka wa 1969. Mwaka wa 2019 walikuwa zaidi ya 570,000, ingawa ni kweli mipaka yake nayo ilipanuliwa. Tena wako waliohamishwa na fujo za 1992 na zile za 2007 na 2008, wengine wakitoka huku kwetu na wengine wakikimbilia huku.

Wala sisi wa skimu tusijifanye wenyeji wa tangu zamani. Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka wa 1962 ulizihamisha familia zipatazo 35,000 zikaingia katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Wazee wetu walipita lango hilo hilo.

Lakini mzee wangu hakuuliza habari ya lango. Aliuliza habari ya kuzaa, basi tuishike hiyo.

ZAMANI WATU WALIPUNGUA

Usidhani kwamba watu wa nchi hii wamekuwa wakiongezeka siku zote. Tangu miaka ya 1890 mpaka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza nchi ilipata pigo juu ya pigo: sotoka iliyomaliza ng'ombe, ndui, njaa kubwa ya 1898 na 1899, vijana waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na wengi wao wasirudi, na mwisho homa kali ya mafua ya 1918. Wanahistoria wengi waona kwamba katika miaka hiyo watu walipungua. Aliyekulia wakati ule alijua kwamba ukoo wenye watoto wachache waweza kufutika kwa msimu mmoja. Fikira hiyo haikutoka kwa ujinga. Ilitoka makaburini.

Baadaye mambo yaligeuka. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1948 ilionyesha Kenya ina watu milioni 5.4. Mwaka wa 1962 walikuwa milioni 8.6. Mwaka wa 1979 walifika milioni 15.3, na mwaka wa 2019 milioni 47.6.

Kilichogeuka kwanza ni kifo. Chanjo zilifika, zahanati zilifika, dawa ya malaria ilifika, na palipokuwa na njaa lori liliweza kuleta mahindi. Hilo kila mtu alijua. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuzaa nako kulizidi. Katika desturi za makabila yetu mengi mama alinyonyesha miaka 2 au zaidi, na mume alitakiwa kukaa mbali naye muda mrefu baada ya kujifungua. Kunyonyesha kwenyewe huchelewesha mimba, na kukaa mbali huizuia kabisa. Basi watoto walipishana miaka 3 au 4. Desturi hizo zilipolegea, na mtoto akaanza kupewa uji na maziwa ya chupa mapema, nafasi kati ya mtoto na mtoto ikapungua. Pia magonjwa ya zinaa yaliyokuwa yakiwafanya wanawake wengine kuwa tasa yakapata dawa. Kwa hiyo watoto walizaliwa wengi kuliko siku za mababu, na waliozaliwa wakaishi.

Utafiti uliofanywa Kenya mwaka wa 1977 na 1978 ulionyesha wastani wa watoto 8.1 kwa kila mwanamke. Maana yake si kwamba kila mama alizaa 8 na kipande. Maana yake ni kwamba kama msichana angepita umri wake wote wa kuzaa akifuata mwendo wa wanawake wa wakati ule, angepata watoto 8. Nchi chache mno duniani zilifikia hapo. Watu walikuwa wakiongezeka kwa karibu 3.8 kwa kila 100 kila mwaka, na kwa mwendo huo watu huwa mara mbili katika miaka 18 hivi. Mtoto aliyezaliwa mwanzo wake aweza kuoa mwisho wake, akute watu wawili kila mahali alipomwacha mmoja.

Kisha wastani ukaanza kushuka. Mwaka wa 1989 ulikuwa 6.7, mwaka wa 1993 ulikuwa 5.4, na mwaka wa 1998 ulikuwa 4.7. Mwaka wa 2003 ulisimama, hata ukapanda kidogo kufika 4.9. Mwaka wa 2014 ulikuwa 3.9, na katika utafiti wa 2022 ulikuwa 3.4. Katika tafiti za mwaka huo huo Tanzania ilikuwa na 4.8 na Uganda 5.2.

Naweza kuuonyesha mteremko huo nyumbani kwetu bila kitabu. Nyanya yangu alizaa 10, akazika 3. Mama yangu alizaa 5, wote tupo. Mimi na mke wangu tuna 2.

KWA NINI WALISHUKA

Watu wengi hufikiri ni dawa za kupanga uzazi tu. Tazameni miaka vizuri. Serikali ya Kenya ilianza mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka wa 1967, mbele ya nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Hata hivyo miaka 10 baadaye wastani ulikuwa zaidi ya 8, na katika kila wanawake 100 walioolewa ni kama 7 tu waliotumia njia yoyote. Dawa zilikuwako, lakini watu hawakuwa na sababu ya kuzitaka. Ungemwambia nyanya yangu azae wawili angekuona kuwa adui wa nyumba yake, maana surua peke yake ilimchukulia mmoja.

Sababu ya kwanza basi ni uhai wa mtoto. Mzazi hapunguzi uzazi mpaka aamini kwamba waliopo watabaki, na imani hiyo haiji kwa mwaka mmoja. Mwaka wa 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka wa 2022 walikuwa 41. Sasa rudini mtazame ule wastani uliosimama mwaka wa 2003. Miaka iliyotangulia ilikuwa miaka ya UKIMWI, vifo vya watoto vilipanda, na fedha nyingi zilielekezwa kwenye ugonjwa huo hata dawa za kupanga uzazi zikapungua katika zahanati. Sababu ililegea na njia ikawa nyembamba, vyote kwa wakati mmoja.

Sababu ya pili ni msichana kukaa shuleni. Katika utafiti wa 2022 wanawake wasiosoma kabisa walikuwa na wastani wa watoto 6.3, na waliosoma kupita shule ya sekondari 2.8. Si kwamba kitabu hufunga tumbo. Aliyesoma huolewa baadaye, husoma kadi ya kliniki mwenyewe, huwa na shilingi yake, na mume humsikiliza. Kuchelewa kwenyewe kuna hesabu yake. Ukoo ambao kila binti huzaa akiwa na miaka 18, katika miaka 72 huwa umeongeza vizazi vinne. Ukoo ambao kila binti huzaa akiwa na 25, katika muda huo haujatimiza hata cha tatu. Hata wakizaa idadi moja kila mama, ukoo wa kwanza utakuwa umejaa zaidi.

Sababu ya tatu mnaijua kuliko mimi. Siku za mwanzo za skimu mtoto wa miaka saba alikuwa mfanyakazi. Alichunga ng'ombe, aliteka maji, alichuma pareto akiwa na kikapu kinachomfika magotini. Mzazi mwenye watoto wengi alikuwa na mikono mingi. Sasa mtoto huyo yuko darasani mchana kutwa, na ni haki yake. Anarudi na karatasi ya michango, sare, vitabu, na baadaye karo ya sekondari ya bweni. Zamani mali ilitoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Siku hizi yatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na haigeuki mpaka mtoto amepata kazi, akiipata.

HABARI YA MAJINA

Kuna sababu nyingine inayovuta upande wa pili, nayo haisemwi sana mikutanoni. Sisi Wakikuyu, ambao ni wengi katika mashamba ya Bahati, Dundori na Subukia, humpa mvulana wa kwanza jina la baba wa mume, na wa pili jina la baba wa mke. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, na wa pili la mama wa mke. Basi nyumba haitulii mpaka iwe na wavulana 2 na wasichana 2. Watu husema, ni wanne tu, si wengi.

Hapo ndipo hesabu hutudanganya. Chukua shilingi uirushe mara nne, upande mmoja uwe mvulana na wa pili msichana. Rudia mara nyingi. Utaona kwamba katika kila nyumba 8 zenye watoto wanne, ni kama 3 tu zitakazokuwa na wawili kwa wawili. Nyumba 5 bado zinalo jina linalongoja. Wote wakizaa wa tano, bado nyumba 3 hazijatimiza. Ukizijumlisha nyumba zote zinazoendelea mpaka zipate majina manne, wastani si watoto 4. Ni 5 na nusu. Mimi mwenyewe sikuamini mpaka niliporusha shilingi jikoni jioni nzima, mke wangu akinicheka. Sisi tuna wasichana wawili.

Jirani zetu Wakalenjin humpa mtoto jina kwa saa au hali ya kuzaliwa kwake, kwa hiyo jina haliwasukumi namna hiyo. Lakini haja ya mwana wa kurithi shamba imekuwa kubwa kwao kama kwetu. Haja hiyo yafaa kutazamwa upya, kwa sababu mtu akifa bila wosia, sheria ya urithi inayotumika hapa Nakuru humhesabu binti sawa na mwana. Anayeendelea kuzaa akitafuta mrithi, mara nyingi mrithi amekwisha kumpata naye hajui.

NJIA YENYEWE

Sababu ikiwapo, njia nayo lazima iwepo. Mwaka wa 2022, katika kila wanawake 100 walioolewa nchini, 57 walitumia njia ya kisasa. Zahanati na vituo vya afya hutoa vidonge, sindano, vijiti vya mkononi, koili na kondomu. Wataalamu wa afya hushauri mama angoje angalau miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwa ajili ya uhai wake na wa mtoto. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa ya kifua tu, mchana na usiku, na ambaye hedhi haijarudi, ana kinga kubwa katika miezi 6 ya kwanza. Miezi hiyo ikiisha, au hedhi ikirudi, au mtoto akianza uji, kinga hiyo si ya kutegemewa tena. Wengi hushika mimba hapo, wakidhani bado wamo salama.

Nimesikia sokoni kwamba sindano humfanya mwanamke tasa. Si kweli. Baada ya kuiacha, mimba yaweza kuchelewa miezi kadhaa, kisha uzazi hurudi. Ni kweli kwamba njia nyingine hubadili hedhi au huleta kichwa kuuma, na mwenye taabu hiyo arudi kwa sista abadilishiwe, asikae nyumbani akinung'unika. Nanyi wanaume, nendeni pamoja na wake zenu. Mwanamume hupeleka ng'ombe wa gredi kwa daktari wa mifugo mwenyewe, lakini kliniki aiona ni mahali pa wanawake.

MITAMBA YA BOMANI

Sasa mtu ataniuliza: kama wastani umeshuka kutoka 8 hadi 3.4, mbona watu wangali wakizidi? Binadamu si ng'ombe, na msomaji anisamehe mfano huu, lakini kila mfugaji atauelewa upesi. Ukiwa na ng'ombe wazee 5 na mitamba 15, hata ukiamua kwamba kila mtamba azae mara mbili tu, utapata ndama 30. Boma litajaa, si kwa kuwa kila mmoja anazaa sana, bali kwa kuwa wanaoanza kuzaa ni wengi. Katika hesabu ya 2019, kati ya kila Wakenya 100, 39 walikuwa na umri chini ya miaka 15. Hao ndio mitamba yetu. Watu walikuwa wakiongezeka kwa 2.2 kwa kila 100 kila mwaka, mwendo ambao huwafanya kuwa mara mbili katika miaka 32 hivi. Ni polepole kuliko zamani, lakini ramani ya shamba haina habari ya mwendo.

Ziko nchi zilizokwenda mpaka upande wa pili. Japani watu wanapungua kila mwaka, na Korea Kusini mwaka wa 2023 wastani ulishuka mpaka 0.72, hata serikali ya huko inawasihi vijana wazae. Huko nako kuna taabu, maana wazee ni wengi na wa kuwatunza ni wachache. Nalitaja ili mtu asidhani kwamba kupungua hakuna mwisho wala bei.

Kwa mkulima wa skimu maana yake ni hii: hata vijana wetu wakizaa wawili wawili kuanzia leo, shamba la ekari 20 haliwezi kugawanywa kwa wajukuu wote likabaki shamba. Ekari moja ya matete hulisha ng'ombe mmoja au wawili wa kufungiwa. Nusu ekari yenye nyumba, choo na njia haimlishi hata mmoja vizuri. Kabla ya kumwita sorovea, familia ikae ifikirie kama si afadhali shamba libaki zima chini ya jina la wote, au wawili walime na wengine wapewe haki yao kwa mazao, kwa fedha au kwa elimu. Wakiamua kuligawanya, kumbukeni kwamba shamba la kilimo haligawanywi bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Bodi huketi chini ya Naibu Kamishna wa Kaunti, na ni vizuri mke na watoto wafike wote, mabinti pia.

Mzee wangu nilimwambia hivi: hukukosea. Mwaka wa 1964 ulikuwa umeona watoto wakifa, ulikuwa na ekari 20 za kulima kwa jembe, na pareto ilikuwa inangoja wachumaji. Ulihesabu kwa hesabu ya wakati ule. Wanao nao wanahesabu kwa ya kwao, ndiyo maana wewe una 8 nao wana wanne wanne.

Alikubali, nadhani. Akakunja ramani, kisha akaniuliza, "Na wewe karani, una wangapi?"

"Wawili, mzee. Wasichana."

"Kwa hiyo baba yako bado hajazaliwa?"

"Bado," nikamjibu.

Akacheka mpaka akakohoa, akachukua bakora yake akatoka. Waliokuwa mlangoni wakaingia.